Jibu: Mkaa unaisha haraka, nifanyeje?

Pole dada. Umeuliza namna ya kupunguza mkaa bila kununua jiko jipya. Anza na maharage, ndiyo yanayomaliza gunia. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Yachemshe kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa na mfuniko, kisha epua bila kufunua, uizungushie blanketi zito ndani ya kapu. Baada ya saa tatu au nne yameiva, au yamebakiza kidogo tu. Mume wangu alicheka siku ya kwanza. Sasa yeye ndiye anayeleta blanketi. Ila usiruke kuchemsha, maharage mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo. Mkaa uliobaki uzime nje kwenye debe la bati lenye mfuniko, usiumwagie maji, kesho utawaka tena.