Bakapu ya MariaDB ya duka la jumla: sha256 zinalingana, je, inatosha?

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: mfumo wa mauzo wa duka la jumla hapo Ngamiani, Tanga, unatumia MariaDB (programu ya kanzidata), kila usiku mysqldump inaitoa data kama amri za SQL na kuipitisha kwenye gzip ibanwe, faili linanakiliwa kwenye diski ya nje, na sha256sum (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) za pande mbili zinalingana. Haitoshi. Sha256 inathibitisha tu kwamba faili halikubadilika njiani. Kama lilizaliwa nusu, umenakili nusu kwa uaminifu.

Halafu hata hiyo sha256, ukiipima mara tu baada ya kunakili, Linux inasoma kutoka RAM na si kwenye diski yenyewe. Fanya umount (tenganisha diski na mfumo), chomoa, chomeka tena, ndipo upime. Na kama diski ni FAT32, faili la GB 4 na zaidi haliingii kabisa.

Tatizo kubwa liko kwenye skripti. Ukiandika `mysqldump ... | gzip > faili`, bash huangalia matokeo ya gzip peke yake. Mysqldump ikifa katikati, gzip hufunga ilichopokea na kurudisha 0, kama vile hakuna kilichotokea. Weka `set -o pipefail` juu ya skripti ili kosa la mysqldump nalo lihesabike, andika kwenye jina la muda, na mv (kubadili jina) iwe ya mwisho, yote yakifaulu tu. Usitegemee `gzip -t` hapa: inapima kifurushi, haijui SQL imeishia wapi. Tumia `zcat faili | tail -n 1`. Usipoona "-- Dump completed", hiyo si bakapu.

Angalia pia chaguo zako. `--single-transaction` inalinda majedwali ya aina ya InnoDB tu yasibadilike katikati ya bakapu, ya aina ya MyISAM hayalindwi. Triga (amri zinazojiendesha data ikibadilika) huingia zenyewe, lakini prosija (amri zilizohifadhiwa) na iventi (amri za ratiba) hazimo mpaka uongeze `--routines --events`.

Kipimo chenyewe ni kurejesha, na ufanye kwenye mashine nyingine, hata laptopu kuukuu yenye nafasi ya kutosha. Usijaribu kwenye seva ya duka: faili lililotolewa kwa `--databases` lina USE ndani yake, kwa hiyo hata ukitaja kanzidata ya "jaribio", data itakwenda kuifuta ile halisi. Ikigoma mstari wa kwanza kwa "Unknown command '\-'", data haijaharibika. MariaDB za tangu 2024 zinaweka mwanzoni mstari wa sandbox (hali ya kuzuia amri hatari) ambao klaienti za zamani, yaani programu unayorejeshea, hazioni maana yake. Pandisha toleo la klaienti.

Ikisharejea, endesha mysqlcheck ikague majedwali, kisha linganisha hesabu. Usitumie table_rows ya information_schema, kwa InnoDB ni makadirio. Piga COUNT(*) na SUM ya kiasi cha mauzo hadi juzi, pande zote mbili, maana leo duka limeshauza tena. Hapa ndipo wengi wanahangaika bure: seva ikiwa UTC (saa za dunia, nyuma yetu kwa saa tatu), saa sita usiku yake ni saa tisa usiku yetu, na safu za TIMESTAMP hufuata saa za muunganisho. Andika `SET time_zone='+03:00'` kotekote kabla ya kulinganisha, la sivyo mauzo ya muda wa saa tatu yatahamia siku nyingine na utadhani bakapu mbovu.

Fungua kila view (hoja iliyohifadhiwa na kuonekana kama jedwali) pia. Ikitoa kosa 1449, mtumiaji aliyeitengeneza hayupo kwenye mashine mpya. Watumiaji hawamo kwenye bakapu ya kanzidata moja, wahifadhi kando.

Jaribio hili la kurejesha, mara moja kwa wiki linatosha kwa duka, na uandike urejeshaji umechukua dakika ngapi. Ujumbe uje kila bakapu inapofaulu, si inaposhindwa tu. GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, Januari 2017 walikuwa wakiendesha pg_dump (zana ya bakapu ya PostgreSQL) ya 9.2 dhidi ya PostgreSQL 9.6, ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Ukimya waliuchukua kuwa salama.