Mwanangu, nani alikukataza kulia?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi niliusoma nikiwa shambani, nikaona si wa kujibiwa kwa simu. Unasema tangu tumzike baba yako usingizi umekukimbia, na kwamba siku ya mazishi kuna mzee alikushika bega akakuambia, "Acha kulia, wewe ni Mkristo." Sasa unaniuliza: kama kweli tunaamini ufufuo, mbona inauma hivi? Au ni imani yako iliyo ndogo?

Yule mzee alikuwa na nia njema, lakini amekutwisha mzigo ambao Biblia haikukutwisha. Mstari unaotumika kukatazia machozi ni ule wa Paulo kwa Wathesalonike, barua ya kwanza, sura ya 4: "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Wengi huukata katikati, wakabaki na nusu ya kwanza. Wale walikuwa Wakristo wachanga, wakimtazamia Bwana arudi wakati wowote. Ndugu zao walipoanza kufa, wakahofu kwamba waliotangulia wataikosa siku ile. Paulo akawajibu kwamba hao ndio watakaofufuka kwanza, kisha akamalizia, "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Mtu asiye na huzuni utamfariji nini?

Na Bwana mwenyewe pale Bethania alijua kabisa kwamba rafiki yake Lazaro, aliyekuwa amekufa, atatoka kaburini muda si mrefu, na bado akalia. Alijua! Jambo hili hunishangaza kila nikilisoma. Ilipofika zamu yake ya kufa, katika bustani ya Gethsemane, akawaambia wanafunzi, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa," akawaomba wakeshe naye. Nao wakalala.

Kuna jambo sikuwa nimekuambia. Siku zake za mwisho baba yako aliogopa. Yeye, mzee wa kanisa, aliyeongoza ibada za misiba ya watu wengi hapa kijijini. Usiku mmoja nilikuwa namnywesha uji wa ulezi kwa kijiko, hawezi kumeza vizuri, uji unamtiririka kidevuni. Akashika pindo la kanga yangu akasema, "Mama, naogopa." Sikumhubiria. Nilimfuta, nikamsomea Zaburi ya 23, na nilipofika penye bonde la uvuli wa mauti akanipokea, akaimalizia mwenyewe kwa Kinyakyusa. Hofu haikumwisha yote, nilimwona machoni. Lakini alikuwa na wa kumwambia zaidi yangu mimi.

Na hili linaloniudhi misibani nalo niliseme. Tunasoma Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," halafu tunafunga kitabu. Hiyo ni sura ya 1, na sura ziko 42! Sura ya 3 mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, kisha anabishana na Mungu kurasa kwa kurasa. Ni humohumo kwenye mabishano, sura ya 19, ndipo anaposema, "Mteteaji wangu yu hai." Mwishoni Mungu anawakasirikia wale rafiki zake waliokuwa na jibu la kila kitu, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu.

Basi akija mtu kukuambia "Mungu amempenda zaidi," mwitikie kwa adabu, lakini usilazimike kulimeza. Paulo anayaita mauti adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa, na adui una haki ya kumchukia. Ninachokishika mimi ni kwamba Kristo alikufa kweli, akazikwa kweli, na siku ya tatu kaburi likakutwa tupu. Kwa hiyo namtarajia baba yako mzima, na mwili wake, na kile kicheko chake cha kuamsha jirani.

Ndiyo maana sisi Wamoraviani, watu wa Kanisa la Moravian, Pasaka tunaianzia makaburini. Ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipopanda makaburini alfajiri wakaimba. Wamisionari wa Kimoravian waliofika huku Rungwe mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinung'unika baridi na matope. Mwaka huu utaiona kwa macho mengine: giza bado, ukungu na mvua ya masika, tochi na miavuli, vijana wa matarumbeta wakipasha midomo, halafu mchungaji anasema Bwana amefufuka, nasi tunaitikia amefufuka kweli kweli, tukiwa tumesimama katikati ya wafu wetu. Wengi huimba huku wanalia. Sijawahi kuona mchungaji akimnyamazisha mtu pale.

Kuhusu usingizi, usiishie kwenye maombi tu. Ukiona wiki zinapita hali ni ileile, nenda hospitali ukaonane na daktari, na usiache kula.

Lile jiwe la kaburi ulilouliza bado halijawekwa. Kaka yako anataka marumaru, na bei aliyotaja fundi ni ya kumfufua baba yako kabla ya siku yake aje kuipinga. Mimi nataka la saruji, jina na tarehe basi. Mpigie wewe umwambie, maana mimi hanisikii.

Mama yako