Maswali ya Wasomaji: Je, Usufi ni Dini Nyingine?

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Hapa Mumias kuna wazee ambao baada ya Magharibi hubaki msikitini na tasbihi wakisoma uradi (dhikri za kila siku). Vijana wanasema usufi ni dini nyingine iliyopachikwa kwenye Uislamu. Ni kweli? Na anayetaka kuanza aanzie wapi?
Msomaji, Mumias

JIBU: Waalaykumus salaam. Si kweli, ndugu yangu. Mzizi wake ni hadithi ya Jibrili, aliyoipokea Umar na kuinukuu Imamu Muslim. Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu Uislamu, imani, kisha ihsani, akajibu kuwa ihsani ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, usipomwona, Yeye anakuona. Tasawufi, yaani usufi, ni elimu ya hiyo ihsani: kuung'oa moyoni ujivuni, ria (kufanya ibada ili uonekane na watu) na husuda.

Chimbuko lake kihistoria ni Iraki. Hasan wa Basra (alifariki 728) aliwaonya watu dhidi ya anasa enzi ya utajiri wa Bani Umayya, ukoo uliotawala dola ya Kiislamu. Rabia, naye wa Basra, akafundisha kumwabudu Mungu kwa mapenzi, si kwa kuogopa Moto wala kutamani Pepo. Junayd wa Baghdad (alifariki 910) akasisitiza kwamba njia hii haitoki nje ya Qur'ani na Sunna. Tarika, yaani vikundi vya kisufi vyenye shehe na uradi wake, kama Qadiria na Shadhilia zilifuata karne ya 12 na 13. Anayesema zama za Mtume hazikuwa na tarika amesema kweli. Ila asiitupe ihsani pamoja nazo.

Kuanza, shika kwanza swala tano. Uradi unaosomwa sana ni istighfari (kuomba msamaha wa Mungu) 100, kumswalia Mtume 100 na "la ilaha illallah" 100, asubuhi na jioni. Tasbihi yako ikiwa ya shanga 33, izungushe mara tatu, uongeze moja.

Wengi huharibu kwa haraka. Pumzi ikikatikia kwenye "la ilaha", umekanusha kuwapo kwa mungu bila kumthibitisha Allah. Vuta pumzi ukishamaliza "illallah". Wengine hujirundikia maelfu usiku, Alfajiri ikawapita wamelala. Hiyo ni hasara tupu: sunna imekula faradhi.

Ukitaka tarika, muulize shehe amepokea ijaza (idhini ya kufundisha) kwa nani, na huyo naye kwa nani. Akikwambia umefika daraja ya kutohitaji kuswali, ondoka hapo hapo.