Nenda ukaombe radhi, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Ujumbe wako niliusoma jana jioni, nikaona haufai kujibiwa kwa simu ya kukatikakatika. Ndiyo maana nakuandikia.

Umenieleza kwamba ulitandika gazeti chini, kule jikoni kwenu mgahawani Maskati, Oman, ukawa unapaa samaki juu yake kama tunavyofanya hapa Mtwara. Akaingia mwenzako mmoja, Mwomani, akaona ule ukurasa ni wa tanzia, una aya ya Kurani juu ya majina ya marehemu. Akapaza sauti, akawasogeza samaki, akalichukua gazeti na kwenda kulifuta magamba yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo haitikii salamu yako, na msimamizi amesema atakuita. Sasa unaniuliza: "Mama, nitaombaje radhi kwa jambo ambalo sikulikusudia? Nikiomba, si nitakuwa nimekiri kwamba nimeitukana dini yao?"

Nenda ukaombe radhi. Tena nenda kabla msimamizi hajakuita, ili isionekane umesukumwa.

Kwamba hukukusudia najua, na sihitaji uniapie. Lakini huyo mwenzako hakuuona moyo wako. Ameona maneno anayoyasoma akiwa na udhu, anayosomewa baba yake anapofariki, yamelowa damu ya samaki. Uchungu wake ni wa kweli hata kama wewe huna hatia, na ndio huo unaokwenda kuuombea radhi. Ukisema "naomba radhi kwa uchungu niliokupa, sijui kusoma Kiarabu, sikujua kilichoandikwa pale", hapo hujakiri tusi lolote. Umesema kweli yote, nusu yake ni ya kwako na nusu ni ya kwake.

Asubuhi hii nimepanda daladala mpaka Mikindani kwa mjomba wako. Unajua mwenyewe, kwetu sisi jambo la mtoto halikamiliki bila mjomba. Nimemkuta barazani ametoka kuswali, nikamsomea ujumbe wako neno kwa neno. Aliuliza jambo moja tu: "Alijua kuisoma ile karatasi?" Nikamwambia hapana. Akanisomea mwisho wa sura ya Al-Baqara, aya ya 286, pale waumini wanapomwomba Mola asiwachukulie wakisahau au wakikosea. Akasema, "Mwambie mpwa wangu, kama sisi wenyewe tunaiomba dua hii kila siku, huyo Muislamu mwenzangu ataielewa akiambiwa kwa adabu." Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyatamka, kwa sababu nataka uende nayo.

Nakumbuka ulivyonijibu mara ya kwanza: "Ni gazeti tu, mama, lina matangazo ya magari." Nimelifikiria sana neno hilo. Mimi nilibatizwa Ndanda nilipoolewa na baba yako, lakini utoto wangu niliketi chuo cha Kurani na mjomba wako, juzuu mkononi. Tulifundishwa kuikumbatia kifuani, isishuke chini ya kiuno, wala isiwekwe sakafuni hata kidogo. Karatasi zikichanika mwalimu hazitupi jaani. Anazikusanya mpaka zitoshe, kisha anazichoma au kuzifukia mahali pasipopita miguu ya watu. Jirani yetu wa nyumba ya pili, yule muuza mihogo, umewahi kumwona. Siku moja aliletewa bagia zimefungwa kwenye kipande cha gazeti chenye maandishi ya Kiarabu, sijui kilitoka wapi. Alizimimina kwenye sahani, akakifuta mafuta kwa upindo wa kanga, akakikunja na kukichomeka juu ya ukuta chini ya makuti. Kusoma Kiarabu hajui. Pengine lilikuwa tangazo la matairi. Ila hakutaka kubahatisha.

Huko uliko, Kiarabu ni lugha ya kila kitu, ya bei ya samaki na ya mpira wa miguu, kwa hiyo macho yako yalizoea upesi kwamba gazeti ni gazeti. Lakini ndani ya gazeti hilohilo limo jina la Mungu, katika majina ya watu, katika tanzia, katika salamu za sikukuu. Mtu asiyejua kusoma hawezi kutenganisha. Basi fanya kama jirani yetu: karatasi yoyote ya Kiarabu usiitandike chini, usifungie takataka, usifutie meza. Nunua karatasi nyeupe ya jikoni, au uwapae samaki juu ya ubao.

Tena usiende peke yako. Hili nalisisitiza kuliko yote. Hapa kwetu mtu aliyeudhi hajipeleki mwenyewe mlangoni mwa aliyeudhiwa. Hutanguliza mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Uliniambia kuna mzee anayekuja kunywa chai hapo mgahawani, amezaliwa Unguja, anazungumza Kiswahili kuliko sisi. Maskati wapo wengi wa namna hiyo, walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na waliokwenda pale Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Mwendee huyo mzee. Msalimie kwa shikamoo, mweleze yote bila kupunguza, kisha mwombe afuatane nawe. Mwenzako akisikia ombi lako kwa Kiarabu safi, kutoka kwa Muislamu mwenye mvi, atasikia kitu tofauti kabisa na Kiarabu chako cha kubabaisha cha jikoni.

Nakumbuka habari ya yule mwalimu Mwingereza, Gillian Gibbons, aliyekuwa akifundisha watoto wadogo Khartoum mwaka 2007. Aliwaachia wanafunzi wachague jina la mwanasesere wa dubu, wakapiga kura wakampa jina la Muhammad. Mtoto mmoja darasani alikuwa na jina hilo, na ndiye aliyelipendekeza. Wale watoto hawakuwa na nia mbaya, wala mwalimu. Mfanyakazi mmoja wa shule hiyohiyo akapeleka malalamiko, mwalimu akakamatwa, mahakama ikampa kifungo cha siku 15, na watu wakaandamana barabarani kudai adhabu kali zaidi. Mimi naamini hakustahili kulala hata usiku mmoja mahabusu, na wapo Waislamu wengi waliosema hivyohivyo. Aliyemtoa ni nani? Walikwenda wajumbe wawili wa Baraza la Malodi la Uingereza, wote Waislamu, wakazungumza na wakubwa wa kule, na Rais Omar al-Bashir akamsamehe. Mwalimu mwenyewe alieleza kwamba anauheshimu Uislamu, kwamba hawezi kumuudhi mtu kwa makusudi, na kwamba anasikitika ikiwa amemuumiza yeyote. Hakusema alikusudia, maana hakukusudia. Maneno kama hayo ndiyo ninayotaka uyaseme.

Nisikufiche na upande wa hatari. Sheria ya adhabu ya Oman ya mwaka 2018 ina kifungo cha miaka 3 hadi 10 kwa mtu anayeikashifu dini na Kurani. Jambo lako silioni kufika huko, na sitaki ukose usingizi, lakini ujue uko kwenye nchi gani. Msimamizi akikupa karatasi ya Kiarabu uweke sahihi, usiweke. Sema kwa upole: "Naomba mtu anifasirie kwanza." Ukiitwa polisi, omba mkalimani, na piga simu ubalozi wetu hapo Maskati kabla hujaandika neno lolote. Namba yao iandike kwenye karatasi uitie mfukoni, usiitegemee simu peke yake.

Mambo haya ukiyaacha yazunguke, hayabaki kuwa yako tena. Oktoba 2012 watoto wawili pale Mbagala, Dar es Salaam, walibishana juu ya Msahafu, mmoja akaukojolea. Ulikuwa ubishi wa watoto. Yakachomwa makanisa, na umati uliokuwa barabarani hawakuwa wamewahi hata kuwaona wale watoto. Kwa hiyo nakuomba, kama uliweka chochote kwenye hali yako ya WhatsApp, kifute leo. Usimwambie mwenzako wa chumbani kwamba "hawa watu wana makuu". Neno hilo likimfikia mwenzako wa jikoni, ombi lako la radhi limekufa.

Na kuna jambo jingine ambalo hukuniuliza, ila nahisi litakuja. Kuna atakayekuambia, "Silimu tu, yatakwisha." Anaweza kuwa na nia njema. Mshukuru, umwambie utalifikiria ukiwa umetulia. Mimi na mjomba wako tumenyonya ziwa moja, yeye Muislamu na mimi Mkristo, na Idi na Krismasi tunapika chungu kimoja. Ukiingia Uislamu kwa kuamini sitakununia. Lakini usiingie kwa kuogopa msimamizi. Mjomba wako mwenyewe nimemuuliza, akanirudisha kwenye sura ileile, aya ya 256, kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Amesema kusilimu kwa woga ni kumdanganya Mungu pamoja na watu.

Mengine madogo unayajua, nakukumbusha tu: Ramadhani usile wala usinywe mbele za watu mchana, hata maji, kwa sababu kule ni kosa la kisheria. Usipite mbele ya mtu anayeswali. Ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia.

Ikiwa hatakubali kukusamehe siku hiyo, usibishane naye. Mwambie umesikia, umshukuru yule mzee, urudi kazini kwako. Endelea kumsalimia kila asubuhi, aitikie asiitikie. Kuna watu mioyo yao huchukua muda, na ana haki hiyo.

Mjomba wako anasema ukimpata huyo mzee umpe simu azungumze naye, maana angependa kumshukuru mwenyewe. Atakuwa nyumbani kesho baada ya alasiri. Piga kwa namba yangu, nitakuwa hapo kwake.

Ni mimi mama yako,
Chikongola, Mtwara