Muulize Anti: Slot ya Escobar na hela ya dagaa

Barua za safari hii nyingi zimetoka hukuhuku kwetu Kigoma na karibu zote zinauliza kuhusu slot za kwenye simu, yale magemu ya kamari ya kuzungusha alama, kwaiyo ya ndoa na ya ngozi yasubiri kidogo, leo nataka tuliongee hili maana naona linatumaliza.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni kijana wa Mwanga, shughuli zangu ni dagaa pale Kibirizi. Nlimaliza sizoni zote tatu za Narcos, ile tamthilia ya Escobar bosi wa madawa wa Kolombia, nikaipenda vibaya mno, sasa juzi mshkaji kanionyesha kumbe kuna na slot yake, Escobar yumo, wale maajenti wawili waliomwinda, Murphy na Peña, wamo. Imeandikwa RTP, yaani asilimia ya hela inayowarudia wachezaji, 96.23% na njia 243 za kushinda. Mi nimepiga hesabu nikiweka elfu kumi kibaya zaidi narudi na 9,623 na hapohapo naweza kupiga kubwa, sasa hasara iko wapi anti? Na je kuna namna ya kuijua ikikaribia kutoa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kuweka hela maana wengi wananiandikia mtaji ukishakata.

Gemu lenyewe lipo kweli, limetengenezwa na NetEnt, kampuni ya Uswidi, likatoka 2019, na hiyo 96.23 ndo namba waliyoitangaza wenyewe. Sasa sikiliza vizuri hapa. Hiyo asilimia haihesabiwi kwenye elfu kumi uliyoingia nayo, inahesabiwa kwenye kila hela unayozungusha, na we hela yako ileile unaizungusha tena na tena bila kujijua. Chukua mfano unabeti 500 kila mzunguko. Mzunguko mmoja ni sekunde chache tu, kwaiyo ukikaa kama saa moja hivi mizunguko 600 inafika bila shida, si ndio? 500 mara 600 ni laki tatu. Umeingia na elfu kumi lakini umezungusha laki tatu, na ile 3.77% inayobaki kwa mwenye gemu inakatwa kwenye laki tatu, yaani 11,310. Elfu kumi yako yote inakuwa imekwenda kabla hata hiyo saa haijaisha! Na hiyo ni wastani ndugu yangu, wastani wa mamilioni ya mizunguko ya watu wote, ndani yake yumo na yule mmoja aliyepiga kubwa, sasa ukimtoa huyo wastani wa wengine waliobaki unashuka chini ya hapo, wengine elfu kumi inaisha dakika tano.

Afu slot nyingi siku hizi zinatengenezwa na RTP zaidi ya moja na kampuni inayokuchezesha ndo inachagua iweke ipi, kwaiyo usichukue namba uliyosoma mtandaoni, fungua ukurasa wa maelezo ndani ya gemu lenyewe uone wameandika ngapi.

Njia 243 nazo zisikutishe. Kuna safu tano, kila safu inaonyesha alama tatu, tatu mara tatu mara tatu mara tatu mara tatu inakuja 243, basi, hakuna cha zaidi. Njia zikiwa nyingi malipo ya kila njia yanakuwa madogo ili hesabu ya mwisho irudi palepale kwenye asilimia yao. Ndo maana utakuta umebeti 500 gemu linapiga muziki, taa zinawaka, umeshinda 200! Hapo umepoteza 300 lakini mwili wako umesherehekea. Hicho kitu nakichukia kuliko vyote kwenye hizi gemu maana kinamfundisha mtu kufurahia hasara.

Kuhusu kujua ikikaribia kutoa, hakuna. Ukibonyeza tu, programu imeshachagua namba na matokeo yameshapatikana, yale ya kuzunguka ni picha ya kukuonyesha. Lile gari linalopita likimimina risasi na alama zikageuka jokeri ni picha, ile ya kukamata watu na kuwafungia ni picha. Mashine haikumbuki kwamba umeliwa mara arobaini mfululizo wala haijui kwamba leo ni zamu yako. We ni mtu wa ziwa, unajua kabisa mvuvi aliyekaa miaka ishirini kwenye maji anajua upepo, anajua giza na mbalamwezi, na uzoefu wake unamwongezea samaki kwenye mtumbwi. Kwenye slot aliyecheza miaka ishirini na aliyeanza leo asubuhi wana nafasi sawasawa.

Na hapo ndo tamthilia inapofanya kazi yake. Stori ya Narcos ni ya watu wajanja, huyu anamzidi yule akili, polisi wanavizia, wanategeana, na we umekaa nayo sizoni tatu kwaiyo ukiziona sura zilezile unahisi na huku kuna ujanja wa kuvizia. Hakuna. Wamechukua sura wakaacha stori. Na stori yenyewe jamani ilikuwa ya watu wa kweli, Murphy na Peña ni maajenti waliokuwepo kweli, ndege ya Avianca iliyolipuliwa Novemba 1989 ilikuwa na watu 107 ndani wakafa wote, Escobar mwenyewe akauawa Medellín tarehe 2 Desemba 1993. Mi binafsi nikiona uso wake unazunguka kwenye slot kama tunda roho inaniuma, lakini hilo ni langu.

Ukiipenda Narcos irudie kuiangalia, bando tu litakutosha. Na kama lazima ulione hilo gemu basi kuna la majaribio linalochezwa kwa hela za uongo, cheza hilo mizunguko mia tano hivi uandike ulianza na ngapi umemaliza na ngapi.

SWALI: Anti habari za kazi. Niko Ujiji, mume wangu anavua. Siku za mbalamwezi ambazo hawaingii ziwani ndo anashinda na simu anacheza slot na lile gemu la kindege la kubeti, anasema anatafuta hela ya kusogeza siku. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu ndo alianza. Sasa amekopa kwenye simu, na hela ya kikoba niliyompa apeleke haikufika. Nikiongea anasema akirudisha iliyopotea anaacha. Nifanyeje, nimlipie deni ili atulie?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na nakuambia ukweli, usimlipie. Ukilipa deni la simu kimyakimya, kikomo cha mkopo kinafunguka upya na atakopa tena, hiyo nimeiona kwenye nyumba nyingi mno.

Hilo neno la kurudisha iliyopotea ndo linaloniogopesha. Mtu akishaanza kuwinda hela iliyokwenda anaongeza dau, na ukiongeza dau unaongeza kile kiasi ambacho ile asilimia inakikata. Sio kwamba mume wako hana akili au hakupendi. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, kwaiyo akikubali mpelekeni hata hospitali ya Maweni aeleze kwa daktari kama anavyoeleza malaria, si aibu.

La haraka ni njia ya hela. Mgao ukitoka, hela ya chakula na ya kikoba ichukue wewe mkononi siku hiyohiyo, ya kikoba ipeleke mwenyewe kwa mwekahazina, usimtume tena mpaka mambo yatengemae. Inayobaki msiiache kwenye simu, nunueni dagaa wakavu au mawese muweke ndani, bidhaa haibonyezwi saa nane usiku. Na wale wenzio wa kikoba waambie mapema kabla hawajasikia kwa watu, wamama wa Ujiji wanajua kusitiri ukiwaheshimu.

Kuongea naye kuongee mchana, siku ambayo hajacheza, usiongee usiku ametoka kuliwa maana hapo anasikia matusi tu. Mwombe kitu kimoja: aingie kwenye akaunti yake ajifungie mwenyewe. Kampuni nyingi zenye leseni zina sehemu ya kujiwekea kikomo au kujizuia kabisa kwa muda, na akishindwa kuiona awapigie huduma kwa wateja aombe. Akikataa hata hilo, mwite kaka yake mkubwa au baba mkwe, mtu anayemsikia, kabla mbalamwezi nyingine haijafika.

SWALI: Anti niko Kasulu, naingia kidato cha tano. Kuna grupu la Telegram wanauza signo za slot, yaani wanakuambia lini ubeti, elfu ishirini kwa mwezi, wanasema wameudukua mfumo. Niingie?

JIBU: Usiingie. Matokeo yanatengenezwa kwenye mitambo ya mwenye gemu, mtu wa grupu hayaoni, na angekuwa anayaona asingehangaika na elfu ishirini yako. Zile picha za ushindi wanazotuma zinatengenezwa kwenye simu dakika moja. Kibaya zaidi wengine wanakutumia programu ya kupakua na inakuja kuomba namba ya siri ya hela, kama umeshaipakua ifute na ubadilishe PIN leo, usingoje kesho. Meseji zao za kuomba hela zitume 15040, namba ya kuripoti matapeli, ni bure. Na kampuni yoyote ya michezo hii itafute kwanza kwenye orodha ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, isipokuwepo ujue hela yako ikikwama hutakuwa na wa kumlalamikia. Halafu umeandika kwamba unaingia kidato cha tano, kama hujafika miaka 18 sheria haikuruhusu kucheza hata kwa kampuni yenye leseni.