Nimepita gadi, mbona kimura haiji?

SWALI: Kocha, shikamoo. Nina mkanda wa bluu wa jiu-jitsu ya Brazil. Mimi na mwenzangu tunarudia mfululizo mmoja: kupita gadi (miguu ambayo aliye chini hujikingia) kwa kukata na goti, kutulia ubavuni, kisha kimura, yaani kumfunga mkono na kuusokota begani. Tunafanya mara 50 kila upande bila kukosea. Tukipambana kweli, nikishapita tu nasita, naye anarudisha goti katikati. Niongeze marudio au nibadili mbinu?

JIBU: Marahaba. Marudio usiongeze, na mbinu ni nzuri, iache. Shida ni kwamba mwenzako anajua kimura inakuja, kwa hiyo anakuachia mkono hata bila kukusudia. Kwenye pambano hakuna wa kukuachia mkono. Mkono wa kimura unaupata kwa mtu anayekusukuma, na mwenzako hajawahi kukusukuma hata mara moja katika hizo 50.

Anzeni basi na majibu yake. Goti lako linapokata paja lake, aliye chini ana mambo machache ya kufanya. Linalokuja mara nyingi zaidi ni kuingiza mkono kwapani mwako na kuinuka ubavu ili akuzunguke mgongoni. Wengi hapo hung'ang'ania kumrudisha chini. Mimi napenda aingize. Mkono wako aliouingilia kwapa unaupitisha chini ya kwapa lake mwenyewe, mbele ya koo, mpaka kiganja kichomoze upande wa pili wa shingo, kisha ukamate msuli wa juu wa mkono wako mwingine. Hiyo ni kabali ya D'Arce, na bega lake mwenyewe ndilo linalomkaba. Angalia jambo moja: kiganja kikikwama nyuma ya shingo bila kutokeza, usikaze. Kwanza sukuma kichwa chake kielekee kifuani kwake, nafasi itapatikana. Nilikaa miezi nikikaza mkono uliokwama, nikidhani nimekosa nguvu.

Akilala chali na kukusukuma shingoni, maliza kupita. Mkono unaosukuma ndio wa kimura. Akikugeuzia mgongo, achana na mkono, panda mgongoni.

Sasa zoezi lenyewe. Dakika 3, wewe unaanza goti likiwa tayari juu ya paja. Mwenzako anachagua jibu moja kati ya mawili, kuingiza mkono au kusukuma, na hakuambii lipi. Anatumia nusu ya nguvu zake. Jibu la tatu liongezeni mkishaacha kuchelewa kwenye hayo mawili. Utakosea sana siku za mwanzo, na kama hukosei, mwenzako anakuhurumia, mwambie.

Kuhusu kusita kwako: kuna kusita kubaya na kuna kutulia. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazil, pointi 3 za kupita gadi hazitolewi mpaka umdhibiti kwa sekunde 3. Ziingizeni sekunde hizo kwenye zoezi. Ukipita, kifua kinalalia kifua, nyonga zinashuka, mkono mmoja unaziba nyonga yake ili goti lisirudi. Mwenzako ahesabu kwa sauti, na afike 3 ndipo uwinde mkono. Nadhani hapo ndipo goti lake linapopenya: unaukimbilia mkono kabla hujaifunga nyonga. D'Arce haifuati hesabu hiyo, kwa sababu unaikamata kabla hujapita. Ukiikosa hujapata pointi, lakini goti lako bado liko palepale juu ya paja, endelea kukata.

Zile 50 zifanyeni 10 tu, za kupasha mwili joto. Na kimura ikishika kwenye zoezi, simama pale bega linapoanza kukaza, muanze upya. Msisubiri mtu agonge mkeka kukubali kushindwa.