Presha ukiwa kijana, na misuli inayoishiwa nguvu

SWALI: Daktari, nina miaka 27. Presha yangu ilipimwa siku tatu tofauti ikawa 150/95 kwenda juu, nikaanzishiwa HCTZ (hidroklorothiazidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo) miligramu 25. Sasa nikipanda ngazi mapaja yanalegea, na usiku vigimbi vinakaza. Rafiki ananishauri nimeze magnesiamu, lakini kipimo cha damu kinasema iko sawa. Nimeze?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue bado, na HCTZ usiiache bila kumuona daktari wako.

Rafiki yako hajakosea sana. Msuli unaendeshwa na ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, nayo haifanyi kazi ndani ya seli mpaka ishikamane na magnesiamu. Unapopanda ngazi, ATP iliyopo huisha kwa sekunde chache na lazima itengenezwe upya. Msuli hutumia ATP hata kulegea baada ya kujikunja, ndiyo maana ukipungukiwa hukaza. Na kile kipimo kisikutulize: mwili una takriban gramu 25 za magnesiamu, na haifiki hata asilimia 1 iliyo kwenye majimaji ya damu. Damu inaweza kusoma sawa huku misuli ina upungufu.

Lakini mapaja kulegea kunanifanya niwaze potasiamu kwanza. HCTZ huyatoa madini yote mawili kwa mkojo, na magnesiamu ikishuka figo huzidi kuvujisha potasiamu. Mgonjwa anapewa potasiamu na haipandi. Omba vipimwe pamoja: potasiamu, magnesiamu na kreatinini (inayoonyesha hali ya figo). Potasiamu ikiwa chini, uliza kuhusu homoni ya aldosteroni. Ikizidi, hupandisha presha na kumaliza potasiamu, na kwa umri wako chanzo cha presha ni lazima kitafutwe.

Chakula anza leo, mradi figo ni nzima. Kwa umri wako, mwanamume anahitaji miligramu 400 za magnesiamu kwa siku, mwanamke 310. Gramu 30 za mbegu za maboga zisizo na chumvi zina kama 150, karanga kiasi hicho kama 50. Kula dona badala ya sembe. Kukoboa huondoa pumba na kiini, na magnesiamu nyingi imo humo. Maji ya mchicha usiyamwage.

Vidonge vya magnesiamu hushusha presha kidogo tu, wastani wa 2 mmHg, na vikizidi huharisha. Figo zikiwa dhaifu usivimeze kabisa, magnesiamu hurundikana mwilini. Ukiandikiwa siprofloksasini (antibiotiki), imeze saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baadaye.

Moyo ukianza kudunda ovyo, au ukishindwa kuinuka kitini, nenda hospitali siku hiyohiyo.